Valvu za kizamani za radieta: maswali ninayoulizwa kila baridi ikikaribia

Mimi ni fundi bomba, nafanya kazi kwenye majumba ya watu hapa Uingereza, na wateja wangu wengi ni Waswahili wenzetu walionunua zile nyumba za mstari za matofali mekundu, za zama za Malkia Victoria na za baada yake kidogo. Ikifika Oktoba tu simu inaanza. Mtu kaona picha ya radieta ya chuma (ile ya kupasha chumba joto kwa maji ya moto) yenye valvu ya shaba na gurudumu la mbao, imempendeza, kaagiza, mzigo umefika, haiingii. Inaniuma kuona watu wanatupa hela hivi kwa kitu ambacho dakika kumi za kupima zingekiokoa, ndo maana nimeyaweka maswali yote hapa pamoja na majibu ninayowapa. Kama una haraka ruka mpaka lile la "Nianzie wapi kuchagua?", pale ninapoeleza mabomba yanatokea wapi, hilo ndo linalookoa hela kuliko yote.

Valvu ya kizamani ni ipi hasa?

Ni valvu yenye sura ya zamani, ndani mpya. Mwili wake ni wa shaba ya manjano (ile waingereza wanaita brasi), nati zake kubwa zinaonekana wazi, na juu ina gurudumu la mbao au la chuma, au mpini wa msalaba kama koki za bafuni za zamani. Ukizungusha, mti wa katikati unashuka unakandamiza washa (kile kiduara cha kuzibia) kwenye kiti chake na maji yanakatika, hamna maajabu, ni koki kama koki nyingine. Zile nyeupe za plastiki zinafanya kazi hiyo hiyo.

Cha kukumbuka ni kwamba kila radieta ina valvu mbili, moja kila upande. Moja ndo unayoishika kila siku, ya pili ina kofia na haizungushwi kwa mkono, inaitwa lokshildi, nitaielezea mbele. Kwa hiyo unaponunua unanunua jozi, soma vizuri tangazo la duka maana nyingine zinauzwa moja moja na bei inaonekana nzuri mpaka unapofungua boksi.

Nyumba yangu ni ya 1895, si nikiweka hizi nairudisha ilivyokuwa?

Kaka, hapana, ila usivunjike moyo. Nyumba ya mtu wa kawaida ya 1895 ilikuwa inapashwa moto na makaa, kila chumba na meko yake, ndo maana una machimni yale juu ya paa. Radieta yenyewe ilitoka Urusi, Franz San Galli aliitengeneza St. Petersburg kwenye miaka ya 1850, na hapa Uingereza kwa muda mrefu zilikuwa mambo ya makanisa, mashule, mahospitali na majumba ya matajiri. Nyumba za watu wa kawaida zilianza kuingiziwa mfumo wa boila (mtambo wa kupasha maji moto) na radieta kwa wingi miaka ya 1960 na 1970.

Nakwambia hivi kwa sababu moja ya maana. Radieta za chuma cha kalibu unazoziona zinauzwa leo ni za aina mbili: zilizomiminwa juzi tu kwa kalibu za sura ya zamani, na zile za zamani kweli zilizong'olewa mashuleni na mahospitalini. Mpya zina meno (ile mizunguko kama ya skrubu ya kufungia valvu) ya vipimo vya leo. Za zamani zina matundu makubwa, mengine inchi moja na robo, na zinahitaji kupunguziwa kwa bushi kabla valvu yoyote ya leo haijaingia. Ukinunua ya zamani muulize muuzaji kama imeshawekwa bushi na za saizi gani, na kama imepimwa kwa presha. Akibabaika achana nayo.

Nianzie wapi kuchagua?

Anzia chini. Piga magoti mbele ya radieta uangalie bomba linatokea wapi, maana valvu zinakuja kwa maumbo matatu, engo, streti na kona, na hapa ndo penye makosa mengi kuliko pote.

Engo ina pembe tisini, maji yanaingia chini yanatokea ubavuni, na mpini unakaa kwenye mstari ule ule wa bomba. Bomba likitoka sakafuni linapanda juu, mpini unaangalia juu, mambo mazuri kabisa. Nyumba nyingi ziko hivi. Lakini bomba likitoka ukutani, engo bado inaingia vizuri tu, isipokuwa mpini sasa unaangalia katikati ya chumba, umechomoza kama kiwiko. Kuna dada alinunua jozi sita za engo, nzuri, gurudumu la mbao ya mjozi (walnut), mabomba yake yote yalikuwa yanatoka ukutani, na ile ya koridoni kila mtoto anayepita na begi la shule anaigonga, mwezi wa pili nati ikaanza kulegea na maji kutona kwenye kapeti. Tukaibadilisha ikawa kona.

Kona ndo ya bomba la ukutani. Maji yanaingia kutoka nyuma, yanapinda kwenda kwenye radieta, na mpini unasimama wima. Inaonekana nadhifu, haichomozi. Shida yake ni kwamba sio kila duka linayo kwenye kila rangi, na za thamostati (zinazojirekebisha zenyewe, nitazielezea mbele) za umbo hili ni adimu zaidi, kwa hiyo kama mabomba yako ni ya ukutani tafuta kona kwanza ndo uanze kupenda rangi.

Streti ni ya bomba linalokuja limelala, linatambaa ukutani juu ya ubao wa chini na kuingia kwenye radieta moja kwa moja kwa ubavu.

Halafu kuna radieta za bafuni za kuanikia taulo, hizo matundu yake yako chini badala ya ubavuni, kwa hiyo hesabu inageuka: bomba la sakafuni linataka streti, la ukutani linataka engo. Mtu aliyezoea radieta za sebuleni anakosea hapa kila mara, hata mafundi.

Nimepima meno ya radieta nimepata milimita 21, dukani hakuna valvu ya 21. Nifanyeje?

Umepima sawa, na valvu yako ni ya nusu inchi. Najua haiingii akilini. Nusu inchi ilikuwa kipimo cha tundu la ndani la bomba la chuma la zamani, meno yake ya nje yanakuja karibu milimita 21, na jina la nusu inchi likabaki mpaka leo ingawa ukiweka rula hulioni popote. Robo tatu nayo kwa nje ni kama milimita 26 na nusu. Radieta nyingi sana za majumbani hapa ni nusu inchi, robo tatu utaikuta kwenye radieta kubwa za zamani.

Huo ni upande wa radieta. Upande wa bomba ni hesabu nyingine kabisa, na inakwenda kwa milimita: bomba la kawaida la shaba nyekundu hapa ni milimita 15 kwa nje. Kwa hiyo valvu imeandikwa "15 mm x 1/2" na watu wanadhani ni kitu kimoja kimeandikwa mara mbili. Sio kitu kimoja. La kwanza ni bomba, la pili ni radieta.

Kama nyumba iliwekewa mabomba kabla ya vipimo vya milimita kuingia, yaani kabla ya miaka ya 1970 hivi, bomba la nusu inchi la shaba linakubali vifaa vya milimita 15 bila shida kubwa, ila la robo tatu halilingani vizuri na 22, linataka pete yake maalumu. Na ukikuta bomba ni la chuma, zito, lina rangi juu ya rangi juu ya rangi, usiliguse mwenyewe, mwite fundi, meno yake yamegandana na kutu toka zamani na ukilazimisha linakatikia ndani ya sakafu.

Bomba langu ni jembamba kama kalamu, valvu hizi zitaingia?

Hayo ni mabomba ya milimita 8 au 10, yaliwekwa sana kwenye nyumba za miaka ya 1970 na kuendelea. Zitaingia ukiweka kipunguzio kati ya valvu na bomba, vinauzwa kwa bei ndogo. Ila nakwambia ukweli, valvu nene ya shaba juu ya bomba la kalamu haipendezi, unaona kabisa kitu kizito kimekaa juu ya uzi. Dawa yake ni kifuniko cha bomba, kuna vimirija vya rangi ile ile ya valvu pamoja na sahani ya kufunika tundu la sakafuni, unakivalisha na bomba linaonekana nene na limependeza. Nunua pamoja na valvu, siku hiyo hiyo, kwenye duka hilo hilo, maana "shaba ya kale" ya duka hili na ya duka lile hazifanani hata kidogo.

Ya mkono au ya thamostati?

Hili ndo swali lenyewe.

Ya mkono unafungua, unafunga, basi. Haijui chumba kina joto gani. Ya thamostati, ile madukani imeandikwa TRV, ina kichwa chenye kibonge cha nta au kimiminika ndani, chumba kikipata joto kibonge kinavimba kinasukuma kipini kinapunguza maji, chumba kikipoa kinasinyaa maji yanarudi. Haina umeme. Alianza nayo Mads Clausen wa kampuni ya Danfoss kule Denmark mwaka 1943 na mpaka leo kanuni ni hiyo hiyo. Namba zake sio kiasi cha moto kama watu wanavyofikiri, ni joto la chumba unalolitaka, namba 3 kwa nyingi ni kama digrii 20 na ile alama ya nyota ni kama digrii 7, ya kuzuia mabomba yasigande. Kwa hiyo kuiweka 5 hakufanyi chumba kipate moto haraka, kunafanya tu isifunge chumba kikifika joto unalolitaka.

Sasa kwa sura ya kizamani zipo za thamostati pia, zina kichwa cha chuma badala ya plastiki, nyingine na mbao juu. Ni ndefu na nene kuliko za mkono, hilo haliepukiki, kibonge lazima kikae mahali. Kama unaota lile gurudumu dogo la duara, hilo ni la mkono.

Msimamo wangu: vyumba vya kulala weka thamostati, usibishane na mtu. Kulala kwenye chumba cha moto sio afya, na hela inayookolewa ni ya kweli. Kwangu mimi nilianza na za mkono nyumba nzima kwa sababu ya uzuri, baridi ya kwanza ikaisha tunaamka usiku kufungua madirisha huku boila inaunguruma, mwaka uliofuata vyumba vyote vya kulala nikavibadilisha. Gurudumu la mbao nimeliacha koridoni na sebuleni.

Sebuleni au koridoni, mahali palipo na ile thamostati kuu ya ukutani, hapo ya mkono ndo inayofaa hasa. Ukiweka TRV chumba kimoja na thamostati ya ukutani zinapigana, TRV inafunga mapema, ya ukutani haifikii joto lake, boila haizimi, vyumba vingine vinaiva. Na bafuni pia mimi napenda ya mkono, maana radieta ikiwa wazi muda wote maji ya moto yana pa kupita hata kama TRV nyingine zote zimefunga, ingawa fundi makini ataweka pia valvu ya kupitisha maji karibu na boila kama mfumo unahitaji.

Jambo moja kuhusu chuma cha kalibu. Radieta zile zinabeba maji mengi na chuma kingi, zinachelewa kupata moto na zinachelewa kupoa. TRV ikifunga, radieta bado inatoa joto kwa muda mrefu, chumba kinaendelea kupanda. Kwa hiyo weka namba ya chini kidogo kuliko uliyozoea kwenye zile za bati, uiache siku mbili tatu, ndo urekebishe. Na usiifunike na pazia au kuisukumia sofa, ikifunikwa inahisi joto lake yenyewe inadhani chumba kizima kimepata moto, inafunga, wewe unatetemeka.

Nimesikia sheria inalazimisha TRV, ni kweli?

England, kuanzia tarehe 15 Juni 2022, ukibadilisha boila vyumba vinatakiwa viwe na kifaa cha kujirekebisha joto, na kwa radieta hicho mara nyingi ndo TRV. Kubadilisha valvu peke yake bila kugusa boila hakukulazimishi hivyo. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina kanuni zake. Ila kama boila yako imezeeka na unajua mwaka huu au ujao unaibadilisha, usinunue jozi nane za mkono leo, utazing'oa.

Lokshildi ni ya nini, si niache ile ya zamani nihifadhi hela?

Dada, inawezekana kiufundi, lakini utakuwa na shaba upande mmoja na plastiki nyeupe upande mwingine, na utaiona kila siku.

Kazi yake ni kusawazisha. Maji ni mvivu, yanapita njia rahisi, radieta iliyo karibu na boila inayanywa yote na ile ya chumba cha mwisho juu inabaki vuguvugu. Lokshildi unaibana kidogo kwenye zile za karibu na kuifungua zaidi kwenye za mbali mpaka zote zinapata moto kwa pamoja. Ina kofia ili mtoto au mgeni asije akaizungusha na kuharibu mpangilio. Kwa hiyo kabla hujang'oa ya zamani, ifunge pole pole huku unahesabu mizunguko, moja na nusu, mbili, ngapi ngapi, andika kwenye karatasi kwa kila radieta. Valvu mpya haitakuwa sawasawa lakini una pa kuanzia badala ya kubahatisha nyumba nzima. Wengi wanaolalamika kwamba valvu mpya "zimeua moto" hawakufanya hili tu.

Nabadilisha na radieta pia. Kuna cha kupima zaidi?

Kipo, umbali kati ya bomba na bomba, katikati hadi katikati. Radieta ya upana wa milimita 800 ukiiwekea valvu pande zote mbili, kila valvu inaongeza kama 40 hadi 60 kutoka ukingo wa radieta mpaka katikati ya bomba, kwa hiyo mabomba yanatakiwa yawe karibu 880 hadi 920. Za kizamani huwa zinachukua nafasi kubwa kuliko za plastiki. Radieta ikiwa fupi kidogo kuna mikia mirefu ya kuongezea, ikiwa ndefu mno inabidi bomba lisogezwe na sakafu ifunguliwe, na hapo gharama ya valvu inakuwa ndogo kuliko ya fundi. Usitoboe sakafu kabla valvu hazijafika mkononi mwako ukazipima, picha ya dukani sio kipimo.

Na uzito! Radieta ya chuma cha kalibu ni mzigo, sakafu ya mbao ya zamani iangaliwe kwanza.

Shaba, kromu, nikeli, ipi inadumu?

Kromu na nikeli ni rahisi, unapangusa na kitambaa. Nikeli ina weupe wa joto kidogo, kwenye nyumba ya zamani inakaa vizuri kuliko kromu kwa macho yangu. Nyeusi inapendeza ila mikwaruzo inaonekana, hasa fundi akitumia spana bila kuweka kitambaa. Shaba ya kale, ile ya kahawia, inasamehe alama za vidole.

Shaba ya kung'aa ndo inayotupeleka nyumbani sote, anayetoka Unguja au Lamu anakumbuka njumu za milango na sinia za bibi. Hapa kuwa makini. Iko iliyopakwa vanishi ya kuzuia kutu na iko tupu. Tupu itafifia, itakuwa na madoa meusi, na unaisugua kwa ndimu na majivu au kwa dawa ya dukani inarudi kama dhahabu, kama tulivyofanya utotoni. Iliyopakwa vanishi usiisugue kamwe, unaivua vanishi kwa mabaka na baada ya hapo inachakaa vipande vipande, haitengenezeki tena. Kabla hujanunua muulize muuzaji ni ipi, na kama unapenda kusugua chukua tupu.

Gurudumu la mbao si litaungua au kupasuka?

Haliungui, maji ya radieta hayafiki huko. Mbao ndo nzuri maana haipati moto, gurudumu la chuma likikaa juu ya radieta ya moto jioni nzima unalishika unaruka. Mwenye watoto wadogo au wazee ndani achukue mbao. Bafuni mvuke unaweza kuifanya mbao ipauke, paka mafuta kidogo mara moja kwa mwaka.

Ya bei nafuu na ya bei kali zinafanana, tofauti iko wapi?

Shika mkononi. Jozi nafuu na jozi ghali zinaweza kupishana mara tano kwa bei, na uzito unakwambia mengi. Mwili uwe shaba mtupu sio aloi nyepesi iliyopakwa rangi. Zungusha gurudumu, liende laini bila kucheza cheza upande. Ukinunua ya thamostati tafuta alama ya EN 215, hicho ndo kiwango cha Ulaya cha TRV. Na uliza kama vipuri vinapatikana, kichwa na shina la ndani, maana kichwa cha thamostati kikichoka baada ya miaka unataka kubadilisha kichwa tu sio kumwaga maji ya nyumba nzima.

Naweza kufunga mwenyewe?

Kama umewahi kufunga koki na unajua kutumia spana mbili, ndio. Kubadilisha valvu hakuhitaji fundi wa gesi, ila kufungua boila ndani yake kunahitaji mtu aliyesajiliwa Gas Safe (daftari rasmi la mafundi wa gesi), huko usiguse.

Zima boila, acha ipoe kabisa. Kama una kombi (boila isiyo na matangi) mfumo wako umefungwa, hakuna kitangi cha kuzuia, kama una kitangi kidogo darini lazima uzuie maji yake yasiendelee kujaa. Funga mpira kwenye koki ya kumwagia iliyo chini kabisa ya nyumba, toa maji nje, fungua vitoa hewa vya juu ili maji yashuke. Maji yatatoka meusi kama chai ya rangi iliyolala, hilo ni tope la kutu, weka mataulo mengi na usifanye kazi hii juu ya kapeti jeupe.

Unapolegeza nati, spana moja ishike mwili wa valvu, nyingine ndo izungushe. Ukitumia moja unalipinda bomba. Mkia unaoingia kwenye radieta uzungushie tepu nyeupe kama mara kumi hadi kumi na tano, kuelekea upande wa kukaza, ukizungusha kinyume inachomoka yote. Kwenye chuma cha kalibu mimi natumia katani na dawa yake, kama mafundi wetu wa zamani, tepu peke yake huwa hainiridhishi kwenye meno mabovu. Upande wa bomba kuna pete ya shaba ndani ya nati, weka pete mpya, kaza kwa mkono halafu spana kama mzunguko mmoja hivi, usikaze kwa hasira, pete ikibanwa kupita kiasi ndo inavuja.

Jaza maji, kwenye kombi presha iwe kati ya baa 1 na 1.5 ikiwa baridi, toa hewa kila radieta, na usisahau dawa ya kuzuia kutu kwenye maji mapya. Hiyo dawa watu wanairuka, na miaka miwili baadaye radieta ziko baridi chini, zimejaa tope.

Inatona kwenye shingo chini ya gurudumu, imeharibika?

Mara nyingi hapana. Pale kuna nati ndogo inayobana ufungaji kuzunguka mti. Ikaze robo mzunguko tu, pangusa, subiri. Gurudumu likiwa gumu umekaza mno.

Na hii inayogonga kama mtu anapiga bomba kwa nyundo?

Mara nyingi ni TRV iliyowekwa upande ambao maji yanakuja kinyume na mshale wake. Nyingi za sasa zinakubali pande zote mbili, za zamani na baadhi ya za bei nafuu hazikubali. Ihamishie upande mwingine wa radieta.

Mwaka huu nimefunga radieta ya chumba cha wageni kabisa nipunguze bili, sawa?

Mama, usiifunge kabisa. Nyumba hizi kuta zake ni baridi, unyevu wa kupika na kuoga unapanda unakwenda kukaa kwenye chumba cha baridi, ifikapo Januari ukuta wa nyuma ya kabati una ukungu mweusi na mjukuu akija anakohoa. Hapo ndo TRV inafaa, iweke 1 au 2, mlango ufungwe, chumba kibaki na uhai kidogo.

Tunataka kuweka pampu ya joto badala ya boila ya gesi, valvu hizi zitafaa?

Zitafaa. Pampu ya joto inapeleka maji ya moto wa chini, kwa hiyo radieta lazima ziwe kubwa za kutosha na valvu zikae wazi zaidi, unarekebisha joto kwenye pampu yenyewe. Kwa nyumba kama hiyo mimi naona ya mkono sehemu kubwa na TRV chache vyumbani ndo mpango mzuri.

Mimi nimepanga tu, naruhusiwa kubadilisha?

Muombe mwenye nyumba kwa maandishi, meseji inatosha alimradi amejibu ndio. Akikubali, valvu zake za zamani usizitupe. Zifunge kwenye mfuko pamoja na nati na pete zake, andika kila moja ya chumba gani, weka kabatini. Siku ya kuhama unazirudisha, za kwako unaondoka nazo, zinakwenda kukaa kwenye nyumba yako mwenyewe.